Je, Wajua? Ini Lina Masikio

Mswahili akiumizwa na neno husema limemkata maini. Hasemi limemkata figo, wala bandama. Safu yetu ya leo inaanzia hapo, maana waliotunga msemo huo walikaribia jambo ambalo maabara za Ulaya zilikuja kulithibitisha baadaye: ini husikia. Nyuzi za fahamu hulifikishia habari kutoka ubongoni kabla mwenye ini hajaamua akimbie au asimame, nalo hujibu kwa kumwaga sukari.

Tumeketi Diaca, posto ya wilaya ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, penye njia itokayo pwani ya Cabo Delgado na kupanda kwenda Mueda. Tulifuate ini la mtu wa huku kwa siku moja, kuanzia alfajiri hadi usiku.

KABLA JOGOO HAJAWIKA

1. Je, wajua kwamba sukari ya damu inaweza kupanda ungali usingizini? Ndani ya ubongo kuna saa, katika sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Kunapokaribia kupambazuka, saa hiyo huliamsha ini mapema ili uinukapo ukute nguvu ziko tayari. Homoni ya kotisoli nayo huongezeka wakati huo. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari hulala na kipimo kizuri akaamka na kipimo kibaya. Asishukiwe bure kwamba alikwenda jikoni usiku kula kiporo.

2. Damu yote ya mtu mzima, lita tano hivi, imebeba glukosi ya gramu 4 au 5 tu. Hicho ni kijiko kimoja cha chai. Kikipungua kwa nusu, mtu huanza kuchanganyikiwa. Kikiwa maradufu kila asubuhi kabla ya chai, huo ni ugonjwa wa kisukari.

3. Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula takriban gramu 120 za glukosi kwa siku. Nao hauna ghala. Unaishi kwa kuletewa, dakika kwa dakika.

4. Ghala ni ini. Lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, limejificha chini ya mbavu za kulia, na huweka akiba ya gramu 100 hivi ya glikojeni, yaani glukosi iliyofungwa pamoja kama punje kwenye gunzi.

5. Misuli yote kwa jumla huweka akiba kubwa zaidi, kama gramu 400. Ila misuli haigawi. Haina kimeng'enya cha kuiachia glukosi irudi kwenye damu, kwa hiyo ilichoweka huila yenyewe. Ini hupika kwa ajili ya majirani. Msuli hufunga mlango ukala.

MFARANSA NA INI LILILOOSHWA

6. Je, wajua kwamba kabla ya miaka ya 1840 wataalamu waliamini kuwa sukari hutengenezwa na mimea peke yake, na mnyama huila tu? Mfaransa Claude Bernard, mtoto wa mkulima wa zabibu, aliwalisha mbwa nyama tupu, kisha akapima damu inayotoka kwenye ini. Ilikuwa tamu.

7. Mwaka 1855 alipitisha maji ndani ya ini la mnyama aliyekwisha kufa mpaka sukari yote ikaoshwa. Akaliacha mezani. Siku ya pili alipolipima, sukari ilikuwa imerudi. Ini lilikuwa limeitoa kwenye akiba yake, na miaka miwili baadaye Bernard aliitenga ile akiba yenyewe: glikojeni.

8. Jaribio lake lililoshangaza zaidi lilitangulia, mwaka 1849. Alimchoma sungura kwa sindano mahali padogo chini ya ubongo, karibu na kisogo. Haukupita muda, sukari ikaonekana kwenye mkojo wa sungura. Sindano ilichoma kichwa, ini likajibu.

9. Habari ilipita wapi? Bernard alidhani ni kwenye neva ya vagasi, ile ndefu ishukayo kutoka shingoni hadi tumboni. Akaikata, sukari ikaja vilevile. Uti wa mgongo ulipokatwa kwa juu, sukari haikuja. Basi amri ilikuwa ikishuka kupitia mgongoni.

10. Alipofariki mwaka 1878, Ufaransa ilimzika kwa mazishi ya kitaifa, heshima ambayo hakuna mwanasayansi wa nchi hiyo aliyekuwa amepewa kabla yake.

NJIA ZA HABARI

11. Ini hupokea habari kwa njia mbili zinazovutana. Ya kwanza tuiite neva za hima: hutoka katikati ya uti wa mgongo, hupitia fundo la neva lililo nyuma ya tumbo, kisha hufuatana na mshipa wa damu mpaka ndani ya ini. Kazi yake ni kusema: toa. Ya pili ni ya utulivu, ndiyo hiyo vagasi, na husema: weka.

12. Je, wajua kwamba juu ya kila figo kuna tezi ambayo kiini chake ni neva zilizokatika mikia? Chembe zake ni ndugu wa chembe za neva. Tofauti ni kwamba neva hunong'ona kwa jirani mmoja, na tezi hii hupiga mbiu mwili mzima kwa kumwaga adrenalini kwenye damu.

13. Adrenalini ilitengwa ikiwa safi na Mjapani Takamine Jokichi, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Matokeo aliyatangaza mwaka 1901.

14. Neva za hima hupita kwenye kongosho pia. Zikiamka, hubana insulini, ambayo ndiyo huliambia ini lifunge ghala, na kuachia glukagoni, ambayo huliambia lifungue. Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921. Glukagoni ilitambuliwa miaka miwili baadaye na Kimball na Murlin, walipoona dawa ya kongosho iliyotarajiwa kushusha sukari ikianza kwa kuipandisha.

15. Adrenalini ikifika kwenye chembe ya ini haiingii ndani. Hubisha hodi tu. Aliye ndani huitikia, hupeleka habari kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, na kila anayepokea huwaamsha wengi. Hodi moja hufungulia glukosi maelfu kwa maelfu. Mjumbe wa kwanza wa ndani aligunduliwa na Mmarekani Earl Sutherland alipokuwa akichunguza maini, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1971.

16. Habari hupanda pia, kutoka chini kwenda juu. Kama robo tatu ya damu iingiayo kwenye ini hutoka matumboni kwa mshipa mkubwa uitwao mshipa wa lango. Kwenye kuta zake kuna vipimaji vya sukari vinavyouarifu ubongo kilicholiwa kimefika kiasi gani. Ini na ubongo hupeana habari mchana na usiku.

SIMBA, MAPIKO NA MTIHANI

17. Mchezaji wa mapiko akitokea na kinyago chake cha Kimakonde, watoto hutawanyika. Wakubwa wanajua kuna mtu chini ya kile kinyago. Ini la mtoto halijui. Kabla hajafika nyuma ya nyumba, tayari damu yake imeongezewa glukosi ya kukimbilia.

18. Mmarekani Walter Cannon na wenzake walilipima jambo hili mwaka 1911. Walimweka paka ndani ya kizimba, mbwa akabweka nje. Paka hakung'atwa wala hakuguswa, lakini sukari ilitokea kwenye mkojo wake. Paka walioondolewa tezi za juu ya figo walitishwa vilevile, na sukari haikuonekana.

19. Mwaka 1913 walipima mkojo wa wachezaji 25 wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Harvard, mara tu baada ya mechi kali ya kufunga msimu. Kumi na wawili walikuwa na sukari kwenye mkojo. Watano kati yao walikuwa wachezaji wa akiba, waliokaa pembeni mwa uwanja mechi nzima bila kuugusa mpira.

20. Kisha ikawa zamu ya wanafunzi tisa wa udaktari. Baada ya mtihani mgumu, wanne walikutwa na sukari kwenye mkojo. Baada ya mtihani mwepesi, mmoja tu. Mwenye mtoto wa darasa la mwisho asishangae akimwona anatoka jasho juu ya karatasi.

21. Jirani na Diaca iko wilaya ya Muidumbe, ambako mwaka 2002 na 2003 simba waliwaua watu makumi kwa makumi. Ng'ambo ya Ruvuma, nchini Tanzania, simba waliua watu wasiopungua 563 kati ya 1990 na 2004, wengi katika wilaya za kusini. Binadamu tulionao leo ni wajukuu wa wale ambao ini lao liliwahi kujibu ngurumo. Aliyechelewa hakuacha mjukuu.

22. Hofu ya zama zetu ina ngurumo nyingine. Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji walivamia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia, na katika miaka iliyofuata zaidi ya watu laki saba wa Cabo Delgado walikimbia makwao, wa Diaca wakiwamo. Tangu 2022 wengi wa wilaya hii wamekuwa wakirejea. Aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni husema hajui nguvu zile zilitoka wapi. Sehemu yake ilitoka chini ya mbavu za kulia.

23. Je, wajua kwamba hofu ina njia ya mkato hadi kwenye ini? Mwaka 2025 watafiti wa Mount Sinai, New York, walieleza katika jarida la Nature kwamba kwa panya, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, iitwayo amigdala, hupeleka habari haipothalamasi, na kutoka hapo hadi kwenye ini. Sukari hupanda hata bila kungoja homoni za tezi.

24. Katika utafiti huohuo, panya waliosumbuliwa mara kwa mara walianza kuitikia vibaya, na udhibiti wa sukari yao ukaharibika. Panya si mtu. Lakini madaktari wanaotibu kisukari wameona siku nyingi kuwa mgonjwa aliyefiwa, au anayeishi kwa wasiwasi, kipimo chake hupanda bila chakula kuongezeka. Ini lake linamwandalia mbio ambazo hazikimbii.

NJIANI

25. Ghala la ini halidumu. Mtu asiyekula kabisa humaliza karibu glikojeni yote ya ini kwa muda wa siku moja hivi. Akitembea porini huisha mapema zaidi.

26. Hapo ini hugeuka fundi. Hutengeneza glukosi mpya kutokana na protini ya misuli, na kutokana na gliserini inayotoka kwenye mafuta ya mwili. Figo nazo husaidia. Siku kadhaa zikipita, ini huyageuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo hujifunza kuzila. Ndivyo mtu anavyoweza kufika Mueda au Pemba akiwa amekonda, na bado akakumbuka jina la kila jirani aliyemwacha nyuma.

27. Msuli unaokimbia kwa kasi humwaga asidi ya laktiki. Watu huilaumu, lakini ini huichukua, huigeuza tena kuwa glukosi, na kuirudisha kwa msuli. Mzunguko huo umepewa jina la mke na mume, Gerty na Carl Cori, wazaliwa wa Prague. Mwaka 1947 Gerty akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya tiba.

28. Wamakonde wa Kenya wanaijua safari ya miguu. Wazee wao walitoka Msumbiji kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa ya pwani. Oktoba 2016 vizazi vyao, bado hawana vitambulisho, walianza kutembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia. Mwaka 2017 walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Waliokata miwa ya watu wakatembea kwa sukari yao wenyewe.

29. Mkimbiaji hujiandaa kabla hajakimbia. Mwanariadha akisimama kwenye mstari, neva za hima zimekwisha kuliarifu ini, na sukari inaweza kuanza kupanda kabla bastola haijalia. Tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2:09:48, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42 za kulichota ini, ushindi ulibaki ndani ya kupepesa jicho.

30. Neno kwa wenye bucha: ng'ombe aliyesukumwa, akapigwa na kutishwa muda mrefu kabla ya kuchinjwa humaliza akiba ya sukari kwenye misuli. Nyama yake huwa nyeusi, kavu, na huoza upesi. Anayemtuliza mnyama analinda mtaji wake pia.

KUFUNGA, KULA NA KUNYWA

31. Diaca iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 11 na kitu, kwa hiyo mchana wake haufiki saa 13 hata Desemba. Mwenye kufunga Ramadhani akila daku vizuri, saa nne au tano za kwanza hulishwa na tumbo. Zinazobaki hadi magharibi hulishwa na ini, na kwa mtu mzima mwenye afya ghala hilo hutosha bila kumalizika. Mwenye kisukari ashauriane na mganga wake kabla ya mwezi kuandama.

32. Je, wajua kwamba harufu ya samaki wa kuchoma hufika kwenye kongosho kabla ya samaki mwenyewe? Ukinusa na kuonja, neva ya vagasi huamsha insulini kidogo mapema, na ini huanza kujiandaa kupokea.

33. Ugali wa muhogo, wa mahindi, viazi vitamu, wali: vyote ni wanga, na wanga ni glukosi zilizoshikana mikono. Tumbo huzitenganisha, mshipa wa lango huzibeba, na kituo cha kwanza zinapofika ni ini. Insulini nayo hupita njia hiyohiyo, na karibu nusu yake hutumika papo hapo kwenye ini, kabla sehemu nyingine za mwili hazijaionja.

34. Msimu wa korosho, mabibo hukamuliwa uraka, na wengine huupika wakapata nipa. Pombe ikifika kwenye ini hulishughulisha kiasi kwamba kazi ya kutengeneza glukosi mpya husimama. Anayekunywa ameshiba bado ana ghala. Anayekunywa tangu jana bila kula anaweza kuanguka kwa kukosa sukari, na watu wakapita wakisema ni mlevi, mwacheni alale.

DALILI ZA KENGELE

35. Sukari ya damu ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, ambayo kwa kipimo kingine ni miligramu 70 kwa desilita, neva za hima hupiga kengele: jasho jembamba, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla. Hizo ni dalili za hofu hasa, maana waya ni uleule. Anayejitambua apewe kitu kitamu upesi, kama chai ya sukari au maji ya miwa. Asiyejitambua asimiminiwe chochote mdomoni. Akimbizwe kituo cha afya.

36. Kuna dawa za presha zinazotuliza moyo kwa kuzuia adrenalini. Mgonjwa wa kisukari anayezitumia huenda asisikie moyo wake ukienda mbio sukari inaposhuka. Jasho hubaki. Ajifunze kulisikiliza jasho.

37. Kengele inayopigwa kila siku huchosha. Mtu ambaye sukari yake imeshuka mara nyingi huweza kufika pabaya bila dalili yoyote, kwa sababu ubongo umezoea. Akikaa wiki kadhaa bila kushuka tena, kengele huweza kurudi.

38. Malaria kali humaliza sukari ya mtoto. Vijidudu vyenyewe hula glukosi, mtoto amekataa kula, na ini lake dogo limechoka. Kwinini ya sindano iliongeza tatizo, maana huchochea insulini. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 kwa watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, Beira ya Msumbiji ikiwamo pamoja na hospitali za Tanzania, Kenya na Uganda, ulionyesha kuwa dawa ya artesuneti ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5 kuliko kwinini. Kushuka kwa sukari nako kulipungua.

39. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hana ghala la kusubiria asubuhi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba akifikishwa kituoni, na akiwa anajitambua, aanzishiwe mililita 50 za maji ya sukari: kijiko kimoja cha chai kilichojaa, katika maji ya vijiko vikubwa vitatu na nusu. Baada ya hapo hulishwa kila saa mbili au tatu, usiku na mchana. Mama aliyeelezwa sababu huamka usiku bila kusukumwa.

40. Kitovu kikikatwa, mtoto mchanga hupoteza ghala la mama dakika ileile. Misukosuko ya kuzaliwa imekwisha kuujaza mwili wake adrenalini, nayo hulifungua ini lake kwa mara ya kwanza maishani. Halina mengi. Ziwa la saa ya kwanza ndilo humpokea hapo.

41. Katika kisukari cha ukubwani, ini mara nyingi huendelea kumwaga sukari hata damu ikiwa imejaa, kwa sababu halisikii insulini sawasawa. Metformini, kidonge kinachotumika sana duniani kwa ugonjwa huo, kazi yake kubwa ni kulipunguza kasi ini. Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyetangaza matumizi yake kwa wagonjwa mwaka 1957.

USIKU UNAPOINGIA

42. Je, wajua kuna chura wa Amerika Kaskazini anayeganda kama jiwe wakati wa baridi na kufufuka jua likirudi? Barafu inapoanza kugusa ngozi yake, ini lake humwaga glukosi nyingi mno, na utamu huo huzilinda chembe zake zisipasuke. Kwa binadamu kiwango kile ni mauti. Kwake ni blanketi.

43. Mtu akipandikizwa ini la mwenzake, daktari huunga mishipa ya damu, lakini neva zilizokatwa haziungwi. Ini jipya huanza kazi likiwa kiziwi. Hata hivyo sukari ya wengi hukaa sawa, kwa kuwa adrenalini, glukagoni na insulini bado hulifikia kupitia damu. Mwili haukuliweka jambo hili chini ya mlinzi mmoja.

44. Na hili la mwisho ni la kwako. Ukiwa na kilo 60, umetulia, tumbo tupu, ini hutoa takriban gramu 7 za glukosi kwa saa. Usiku huu ukilala kwa saa nane, litakuwa limepima karibu vijiko kumi na vinne vya chai, kidogo kidogo, bila kuzidisha wala kupunja. Mbwa akibweka nje saa tisa za usiku, litaongeza kidogo. Ukigundua ni jirani tu aliyerudi kutoka machamba, litapunguza. Asubuhi utaamka na kusema hukusikia kitu.